Kitanda Kisichopoa

Nilimjua Senzia kwa joto lake tu. Uso wake sikuwahi kuuona wala sauti yake sikuwahi kuisikia, lakini kila asubuhi nilipotoka Kinuni nilijilaza palepale alipoinuka yeye, na godoro lilikuwa bado na joto la mbavu zake. Kule bondeni kitanda hakipoi. Mmoja akiinuka kwenda zamu ya mchana, mwingine anarudi kutoka zamu ya usiku, na wenye nyumba hujivunia jambo hilo, wanasema kitanda baridi ni aibu ya mpangishaji. Nililala katika joto la mtu huyo kwa muda nisioweza kuutaja, kwa sababu muda wenyewe kule ulikuwa kitu cha kubabaisha. Naweza kusema ilikuwa miaka. Naweza pia kusema ilikuwa asubuhi moja ndefu, na bado nisiwe nimedanganya.

Kinu kilikuwa kikisaga jiwe. Jiwe liliingia upande mmoja, unga mweupe ukatoka upande wa pili, ukapakiwa, ukaenda. Ulikwenda wapi, ulifanya kazi gani, hakuna aliyejua, na tafadhali msinitazame hivyo. Nyinyi mnajua nusu ya mambo yanayofanywa na mikono yenu? Tuliambiwa watu wa mlimani wanauhitaji. Mlima tuliuona kila siku: nyumba zenye madirisha mapana, nguo zinazoanikwa na kuanuliwa zikiwa bado safi, na watu waliokula chumvi nyingi wameketi barazani wakisubiri vitukuu vyao vizaliwe. Upepo wa mji ule ulikuwa na adabu ya ajabu. Ulitoka mlimani ukateremka bondeni, wala hata siku moja haukugeuka. Unga wote ukabaki kwetu, katika maji, katika ugali, katika kope na nywele. Ndiyo maana bondeni kila mtu alikuwa na kichwa cheupe na hapakuwa na mzee hata mmoja.

Umri hatukuuhesabu kwa miaka. Kati ya bonde na mlima palikuwa na ngazi ya mawe, na desturi yetu ilikuwa kumpima mtu kwa mahali anapokaa kupumua akiipanda. Kijana mgeni hufika mpaka lango la juu ndipo anashika kiuno. Akisaga kidogo, anaanza kupumzikia kwenye ukuta wa bluu. Baadaye kwenye duka la mafuta ya taa. Mwisho kabisa kwenye bomba, ambalo liko chini, hatua chache tu kutoka majumbani. Mtu akiuliza, "Fulani yuko wapi siku hizi?" anajibiwa, "Yuko dukani," na hapo ameshajua kama inafaa kuanza naye hadithi ndefu au la. Mimi nilikuwa ukutani. Senzia, niliambiwa, alikuwa ameshafika bombani.

Aliyeniambia ni Bi Mosi, mwenye nyumba yetu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha, ambaye hakuwahi kuingia Kinuni lakini alikohoa sawasawa na sisi kwa sababu alifua mashuka yetu. Chumba tulichopanga hakikuwa na dirisha. Lilikuwapo zamani, likazibwa kwa matofali kwa kuwa liliingiza unga, na jiko la mkaa likabaki ndani na moshi wake. Tulitakiwa tuchague kati ya unga na moshi. Tukachagua moshi, maana moshi angalau una harufu ya chakula. Vitanda vilipangwa kichwa kwa miguu, ukinyoosha mkono unamgusa mtu, na bado sijapata kuwa mpweke popote kama pale. Waliolala walikuwa wamechoka mno kuzungumza, na walioamka walikuwa wanawahi king'ora.

Basi nilikuwa na Senzia. Ilianza na kipande cha tangawizi chini ya mto. Nilidhani amekisahau, nikakiacha. Kesho yake kilikuwapo kingine, kimemenywa, ndipo nikaelewa kwamba alijua ninakohoa. Alijuaje, sijui, labda alisoma mto wangu kama nilivyokuwa nikisoma wake. Nikamwachia nusu ya kiazi kitamu. Tukaendelea hivyo, yeye tangawizi, mimi kiazi. Akiumwa mgongo, shimo la godoro lilihamia upande wa ukutani. Akiwa na huzuni, mto niliukuta miguuni. Siku moja nikakuta doa jekundu kwenye foronya, dogo, limesuguliwa kwa maji kwa aibu, na pembeni yake tangawizi iliyomenywa vizuri kuliko siku zote. Mtu anatema damu na bado anakumenyea tangawizi! Nilikaa kitandani nikalia kwa sauti, mpaka jirani akanirushia kiatu.

Nilijaribu kumwona. Wanaoingia Kinuni hupita lango moja, wanaotoka hupita lango jingine, na katikati kuna ukuta. Nilipanda juu ya pipa nikachungulia. Niliona vichwa vyeupe vikiingia, mgongo nyuma ya mgongo, vyote sawa. Nikaita, "Senzia! Senzia wee!" Hakuna aliyegeuka. Ama aligeuka mmoja nikiwa nimepepesa macho. Nikashuka pipani, nikaenda kulala kwenye joto lake, na nilihisi uchungu wa mtu aliyemkosa nduguye stesheni.

Hapa sina budi kueleza habari ya majina. Kila zamu ilipoanza, nyapara alisimama juu ya kreti akaita majina yetu kwa sauti, na kila jina lililoitwa lilipaswa kuitikiwa "Nipo!" Sheria ilikuwa hiyo tu. Mtu akikohoa vibaya alipitishwa mlango wa pembeni, tukaambiwa amekwenda kupumzika. Hatukuwaona wakirudi. Hatukuona jeneza, hatukuchimba kaburi, hatukusikia kilio. Kilichotokea ni kwamba aliyelala naye kitanda kimoja alirithi jina lake pamoja na zamu yake ya mchana, iliyokuwa na nafuu, na mgeni kutoka mbali, au mtu aliyehamishwa kitanda, akapewa jina la usiku lililoachwa wazi. Majina yakabaki yaleyale, yakiitikiwa vilevile. Kwa hiyo juu ya lango paliandikwa kwa rangi ya mafuta HAPA HAJAFA MTU, na wageni wa mlimani walikuja siku za sherehe kuyasoma maandishi hayo na kutupongeza.

Mtu hufa lini? Nililiuliza swali hilo mpaka likaota sugu. Pumzi zikikatika? Basi ni nani aliyeitikia asubuhi? Jina likikoma? Basi sisi wa bondeni ni wa milele, tuliobanana chumbani na jiko la mkaa. Labda mtu hufa pale mwingine anaposema amekufa, wala si kabla. Na kama hakuna wa kusema? Mimi wakati ule niliitwa Mbonea. Sikuzaliwa Mbonea. Kabla ya Mbonea nililala kitanda kingine, nikaitwa jina jingine, na kabla ya hilo tena jingine. Chini yake kabisa liko alilonipa mama. Nililitafuta mara nyingi, nikiwa macho, nikiwa usingizini. Lilikuwa na herufi ya mdomo, nadhani. Mama alipoliita alifumba midomo kwanza. Nakumbuka midomo. Sauti sikumbuki.

Kisha asubuhi moja nilijilaza, nikaruka nikasimama. Kitanda kilikuwa cha baridi.

Bi Mosi alikuwa mlangoni na ndoo yake. "Mwenzako amekwenda kupumzika jana," alisema. "Usikae hapo umeduwaa, mwanangu. Nawa uso, leo unaunganisha zamu, unaingia mchana. Wewe ndiye Senzia."

"Na Mbonea?"

"Mbonea ameshafika. Yuko uani anakunywa uji."

Nilichungulia uani. Mbonea alikuwa kijana wa nywele nyeusi, anapuliza uji wake kwa furaha. Niliinua mto. Foronya ilikuwa ileile yenye doa, na chini yake hapakuwa na kitu. Nikaenda langoni, nyapara akaita "Senzia!" nikaitikia "Nipo!" na mbingu haikuporomoka. Nilisaga jiwe mchana kutwa. Kesho yake asubuhi nikamwachia Mbonea kiazi chini ya mto. Akakila, hakuacha chochote, wala simlaumu, alikuwa hajaanza kukohoa. Niliteremka kutoka ukutani nikafika dukani, na sikuwa na wa kumwambia kwamba nimeteremka.

Nakiete alikuja jioni moja jua likiwa bado liko juu ya paa. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi mbele ya duka la mafuta ya taa, natafuta pumzi, nikaona mwanamke anateremka, amejifunga kanga kifuani na mgongoni amebeba kitu kirefu kilichofunikwa vizuri. Nilidhani ni mtoto mkubwa, mgonjwa. Alisimama mbele yangu akainama kidogo.

"Shikamoo, mzee."

Niligeuka nyuma kuona anamwamkia nani. Kule bondeni salamu hiyo ilikuwa imekufa kwa kukosa wa kuipokea. Ilinibidi niitafute "marahaba" kooni, na ilipotoka ilitoka pamoja na unga.

"Namtafuta kaka yangu," alisema. "Anaitwa Senzia. Pale juu wameniambia yumo kwa Bi Mosi, mzima, hata jana ameitika jina."

Nilimwonyesha nyumba kwa kidole kama mjinga, kisha nikamfuata, maana sikuweza kubaki pale. Bi Mosi alimpokea mlangoni, akapewa shikamoo yake na yeye, akafurahi mpaka akajifuta mikono mara mbili. Aliposikia jina, alinitazama. Akasema kwa sauti tamu ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mbona umeongozana naye? Huyu hapa kaka yako! Kazi imemchosha tu."

Nakiete alinitazama. Niseme ukweli wa wakati ule: nilitamani. Nilitamani kufumba macho niseme, ndiyo, dada, ni mimi, umekuaje, mama hajambo? Nilitamani huyo mama nisiyemjua, na mlango wake. Hakuna aliyekuwa amenitafuta tangu nifike mji ule, na sasa palikuwa na mtu aliyevuka milima kwa ajili ya jina nililokuwa nalo mwilini. Alinisogelea, akachovya pindo la kanga kwenye ndoo ya Bi Mosi, akaanza kunipangusa uso, polepole, paji la uso, mashavu, nyusi. Unga ukatoka. Mikono yake ilikuwa na harufu ya majani mabichi. Nilisimama nikapanguswa, nikiomba asimalize.

"Siye," alisema. Kisha akanitazama tena, akashtuka. "Kumbe wewe ni kijana! Nimekuamkia bure."

"Hujaniamkia bure," nilisema.

Akateremsha mzigo wake, akaufunua. Ulikuwa kipande cha mgomba, kimekatwa pande zote mbili, kimefungwa kwa majani yake kisikauke.

"Nimekuja na mgomba," alisema. "Kwetu mtu akipotelea mbali, mwili usipatikane, tunazika mgomba mahali pake. Nikimkuta mzima nautupa korongoni, narudi nacheka. Mama hafungi mlango tangu aondoke. Fisi wanaingia mpaka jikoni, hafungi. Anapakua chakula chake kila jioni, anakifunika, asubuhi anawapa kuku. Kaka, nakuomba uniambie. Kama yuko hai nimwone. Kama hayuko, niambie nikamzike, mama apumzike."

"Hapa hajafa mtu," Bi Mosi alidakia. "Soma langoni."

"Sikukuuliza wewe, mama. Namwuliza yeye."

Nilimwambia yote: joto, tangawizi, doa, kitanda baridi. Alisikiliza macho makavu, ameweka kiganja juu ya mgomba. Nilipomaliza alisema, "Basi utanisaidia. Mgomba hauzikwi hivihivi. Lazima mtu aliyelala naye nyumba moja aseme mbele ya watu, kwa mdomo wake, kwamba fulani amekufa. Usiposemewa neno hilo, mgomba unaota. Tulizika mmoja kwa kuficha, wa mjomba, ukachipua juu ya kaburi. Mkewe alikaa anautazama unakua, anasema mume wangu anarudi, mpaka akapoteza akili. Nitazika mara moja tu, na huu wa kaka yangu hautaota."

Bi Mosi alinivuta pembeni. "Sikia, mwanangu. Jina likifa, kitanda kinatolewa nje na wewe umemwaga unga. Utakwenda wapi? Una pumzi za kufika mji gani? Umeshafika dukani wewe! Huko utakakokwenda watakuuliza jina, utawaambia nini?" Hakuwa akinitisha. Machozi yalimlengalenga, na nadhani alikuwa akifikiria mashuka yote aliyowahi kufua. "Mwache mwanamke wa watu arudi. Mama yake anaishi kwa tumaini. Kuna ubaya gani?"

Nililala usiku ule pale shimo lake lilipokuwa, na shimo lilikuwa limeshaanza kuwa langu. Hilo ndilo lililonitia hofu. Godoro lilikuwa likimsahau, nami nilikuwa nimelala juu yake nikilisaidia kusahau. Nikifa, Mbonea ataitwa Senzia, na Senzia ataitikia, ataitikia, na kule kwao chakula kitafunikwa na kupewa kuku, na mama atakufa mlango uko wazi, na baada yake hakuna atakayejua kwamba palikuwa na mtu mmoja aliyemenya tangawizi. Mimi je? Ni nani aliyelala katika shimo langu, huko nyuma, kwenye jina nililoliacha? Labda kuna mlango mwingine mahali fulani usiofungwa.

Asubuhi tulijipanga langoni. Nakiete alisimama nje ya uzio, mgomba ameuegemeza miguuni. Nyapara akapanda kreti lake. Alikuwa mtu wa kawaida, anayekohoa, mwenye skafu. Majina yakaitwa, majina yakaitikiwa. Nipo. Nipo. Nipo. Mstari ukasogea.

"Senzia!"

Mdomo ulifunguka wenyewe kwa mazoea. Niliubana kwa mkono.

"Senzia!"

"Senzia amekufa," nilisema.

Nyapara alinikodolea macho, akaliita tena polepole, kama anayemwelekeza kiziwi. "Sen-zi-a."

"Amekufa, bwana mkubwa. Alikohoa damu, akapitishwa mlango wa pembeni, akafa. Nimelala kitandani kwake, kilikuwa cha baridi. Senzia amekufa."

"Nani anasema?"

"Mimi."

"Wewe nani?"

Watu walikuwa wamegeuka, nyuso zote nyeupe. Nilitafuta. Mbonea alikuwa ng'ambo ya ukuta, anatoka zamu, kwa hiyo Mbonea sikuwa. Nilipapasa chini zaidi nikakuta midomo ya mama imefumba.

"Sijui," nilisema. "Lakini yeye amekufa."

Hapo Nakiete akalia. Alilia kama wanavyolia kwao, kwa kuanzia juu na kuteremka, "Kaka yangu weee! Senzia, mwana wa mama, umelala wapi!" na mji ule ulikuwa haujasikia kilio tangu lango lilipopakwa rangi. Kuna aliyeziba masikio. Kuna mtu mzima aliyekaa chini vumbini akashika kichwa. Nyapara alishuka kreti, akapanda tena, hakujua afanye nini na miguu yake. Mwishowe akaita jina lililofuata, kwa sauti ndogo, na aliyekuwa nalo akaitikia "Nipo," huku machozi yanamchora mistari mashavuni. Kisha lingine. Wakaingia wote. King'ora kikalia, Kinu kikaanza kusaga.

Nilibaki nje ya lango. Bi Mosi alikuwa ameshatoa kitanda uani, kimesimamishwa ukutani kwa miguu yake. Alinipa foronya ile yenye doa, shingo upande, akarudi ndani akafunga mlango.

Tulitoka mjini kwa njia ya chini, Nakiete na mimi, tukaenda mpaka udongo ulipoanza kuwa mwekundu. Tulichimba kwa jembe tuliloazima kwa mtu wa shamba. Nilipumzika mara nyingi, alinisubiri. Tukauvika mgomba ile foronya. Nikasogea pembeni, maana nilidhani kazi yangu imekwisha, na yeye ndiye mwenye maiti.

"Unakwenda wapi?" aliniuliza. "Maiti habebwi na mtu mmoja. Shika huku kichwani."

Nikainama nikashika. Ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani, umejaa maji, na ulianza kuniponyoka mikononi. Nakiete aliniona.

"Mshike vizuri," alisema. "Usimwangushe ndugu yako."

Nikamshika vizuri, tukamteremsha.